Florentine na Maître Assumani katika Darasa Moja

"Yaya Florentine, mutoto mwenye hasikie, utamufundisha nini? Kucheza na mikono?"

Jirani yake Fanny, aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa, alimuuliza hivyo kisimani, mbele ya watu, wote wakacheka. Florentine naye akacheka. "Ukiwa unasengenya watu, Fanny, mikono yako inatulia?"

Florentine alijifunza lugha ya ishara kwa masista. Mwaka wa 2000, vita vikiwa mjini, askari walikalia shule ya viziwi alimofundisha. Donc basi, shule yetu ya mtaa wa Kabondo ikampokea Florentine na watoto wanne, wakawekwa katika darasa la nne la Maître Assumani. Walimu wawili, ubao mmoja.

Assumani hakuwa mtu mbaya, Mungu anajua. Lakini alizoea kusema, kuandika na kufuta kwa wakati mmoja. Watoto viziwi wakitazama mikono ya Florentine, wanapoteza ubao. Wakitazama ubao, wanapoteza mikono. Na wale wanaosikia walitazama mikono tu, wakasahau somo. Siku ya tatu Assumani alikasirika.

"Mama, unaniibia darasa. Kaa barazani. Nikimaliza, utaingia ueleze watoto wako."

"Wangu?" Florentine akauliza. Lakini akatoka. Hakutaka ugomvi mbele ya watoto.

Basi alikuwa barazani asubuhi ile mabomu yalipoanza kuanguka. Mimi, mfagiaji wa shule, nilikuwa nafagia ua. Tulimsikia Assumani akipiga kelele, "Mulale chini!" Darasa likalala. Viziwi watatu waliona wenzao wanalala, nao wakalala. Émilie, kiziwi wa nne, alikuwa ubaoni, amewapa wenzake mgongo, anaandika hesabu yake polepole, vizuri. Florentine aliingia mbio, akamwangusha, akamlalia. Kioo cha dirisha kilimkata mtoto shavuni, na Florentine mkononi.

Mji ulipotulia, Papa Henri, baba ya Émilie, alikuja kumtoa mtoto shuleni.

"Maître, mutoto wangu ulimuita na kinywa?"

Florentine, mkono umefungwa kitambaa, akamwomba Papa Henri awape juma moja tu. Papa Henri alisimama mlangoni amemshika Émilie mkono. Ndipo Florentine akamgeukia Assumani:

"Maître, sitaki kukunyang'anya darasa. Niache nisimame mbele, karibu na ubao. Kila asubuhi uniambie utafundisha nini. Na mbele ya kufuta ubao, uningoje kwanza nimalize."

Assumani akasogea, akampa nafasi kando ya ubao, na Papa Henri akauachia mkono wa Émilie.