Bolti za Gari la Kaka

Miaka yote fundi yule hakufunga turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, kabla ya kukaza upya bolti za silinda hedi, maana zikiwa zimelegea, presha mpya huiunguza gasketi iliyo chini ya hedi. Mteja mwenye haraka aliambiwa atafute gereji nyingine. Kaka yake mkubwa, alipoleta gari lake lifungwe turbo, ndiye aliyemshinda.

“Mdogo wangu, injini haina hata tone la mvujo. Unakaza bolti au unanichelewesha safari?”

Fundi, aliyezoea kumtii tangu utotoni, akaweka spana chini, akafunga turbo bila kukaza bolti.

Gasketi iliungulia mlimani. Kaka akalipeleka gari gereji ya ng'ambo ya barabara. Kutoka mlangoni kwake, fundi alimtazama jirani akikaza bolti moja moja, taratibu, kaka akimpokeza spana.

“Huyu ndiye fundi,” kaka alisema kwa sauti ya kusikika. “Hana papara.”