Siku Mama Alipofunga Gari la Kuvutwa

Mwezi uliopita nilikuwa South Beach, ufukwe wa hapa Durban, natafuna hindi la kuchoma, mara ikapita nyumba ya magurudumu, yale magari makubwa ambayo wazee wa kizungu wanalala na kupika humo humo. Nyuma ilivuta kagari kadogo, matairi yote manne chini, ndani hakuna dereva. Watoto wakacheka. Mimi nikaacha kutafuna, maana macho yalikwenda moja kwa moja kwenye usukani.

Wacha nikusimulie. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, sisi tulikuwa wageni Durban, tumetoka Kongo. Kule baba alikuwa fundi wa magari. Hapa alilinda magari ya watu kando ya bahari, na koti lake la kung'aa. Jioni alitufundisha neno moja tu: hapa gari lenye ufunguo ndani si lako tena. Mama alilishika neno hilo kama sala. Na kwa sala, ndugu yangu, mama usimguse, mkesha wa Ijumaa alitukeshesha sisi sote mpaka paka. Lakini naacha njia.

Basi gereji moja ya Jacobs ikampa baba siku moja ya majaribio. Aandae kagari ka mzee mmoja kavutwe na nyumba yake ya magurudumu mpaka Cape Town. Kakienda salama, baba ni fundi tena. Kakiharibika, anarudi kwenye koti. Mchana mama akanichukua tumpelekee bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu cha kwetu, bakuli limefungwa kitambaa, bado linatoa mvuke. Jacobs ilinuka rangi na mafuta ya kuungua, viwanda vinanguruma mpaka unavisikia kwenye nyayo.

Tulimkuta chini ya gari anajisemea peke yake. Alikuwa amefunga chuma cha kuvutia, minyororo miwili, waya wa taa. Gia nyutro, handbreki chini.

"Na ufunguo unabaki ndani, umezungushwa kidogo," akanieleza huku nikimmiminia maji ya kunawa kule nyuma. "Ukiutoa, usukani unajifunga. Kwenye kona matairi ya mbele hayageuki, yanaburutwa tu."

Mama hakuwa nasi. Alibaki mbele, karibu na kagari, na bakuli lake.

Tuliporudi, nyumba ya magurudumu ilikuwa inatoka getini, bosi anaipungia mkono. Mama akamjia baba anatabasamu.

"Eish, baba watoto, na wewe mlinzi? Ufunguo ndani, mlango wazi, wezi wote hawa? Nimefunga. Shika."

 Baba aliuchukua ufunguo akakimbia. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile, katikati ya malori, mikono bado ina povu. Kutoka getini barabara ilikuwa imenyooka mpaka kwenye robot, taa za barabarani, na kwa kunyooka kagari kalifuata vizuri tu. Robot ikawa kijani. Mzee akaanza kukata kona, na hapo tukasikia tairi linalia, moshi ukapanda. Baba akapiga ubavu wa lile ligari kwa viganja vyote viwili. Likasimama.

Tulipofika, tairi moja lilikuwa limelika upande. Bosi alimaliza kulitazama kwanza. Kisha akauliza kwa Kiingereza, nani alitoa ufunguo. Mama Kiingereza hakujua. Mimi shule sikufika mbali, lakini cha barabarani nilikuwa nacho, nikaelewa.

Baba hakumtazama mama hata kidogo. "Mimi, bosi. Mazoea ya South Beach."

 Bosi akasema magari ya wateja asiyaguse tena. Kazi atapewa, ila ya kuosha vyuma tu mpaka mazoea yamtoke.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema nianze Jumatatu."

Mama akafanya ishara ya msalaba, akafungua bakuli pale pale barabarani.

Baba aliosha vyuma kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Mama alimpaka mafuta jioni, akiamini mafundi wote wa hapa wanaanzia hapo. Leo gereji ile ni ghala la viatu, na baba tulishamzika. Mama anakaa na mimi Sydenham. Kiingereza amekijua, anagombana nacho sokoni. Wageni wakija anawaambia kwamba siku ile, bila yeye, gari lingeibiwa na mume wake asingepata kazi. Wageni wanamsifu. Mimi namimina chai.