Taa Iliyojipima Yenyewe

Wenzake walimwita Mjane, ingawa mumewe yu hai, buheri wa afya, na hajawahi kukosa mlo hata siku moja. Lawama zote ni za koti lake jeusi. Kazi yake ni kupima mwanga wa taa za hospitali, na ukipima ukiwa umevaa nguo nyeupe, nguo nayo hutupa mwanga kwenye kihisi, jicho la kipimo, na namba inadanganya. Yeye na namba za uongo hawapikiki chungu kimoja.

Siku hiyo aliitwa wodi ya watoto wachanga. Kichanga cha siku nne kilikuwa chini ya taa ya buluu, ile inayotibu umanjano wa ngozi, siku ya pili sasa, na umanjano haushuki. Daktari alikwisha kutaja kumbadilisha mtoto damu. Mama mtu alikaa kando, hata kulia ameacha.

"Taa nzima, mwanangu," fundi wa hospitali alimwambia. "Nimeipima leo leo. Thelathini, kama inavyotakiwa." Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kazi, tangu hajui kushika bisibisi.

"Sina shaka na mkono wako, mwalimu. Naomba tu tupime pamoja."

Mtoto akainuliwa. Mjane akatoa kipimo mama, kile kinachohakikiwa maabara kila mwaka, akafuta kioo cha kihisi, akakiweka pale pale alipolala mtoto, akangoja namba itulie. Kumi na tatu. Akaweka cha mzee mahali hapo hapo. Thelathini.

"Hiki unakihakiki kwa kutumia nini?"

"Kwa taa hii hii. Kikishuka, nakirekebisha mpaka kirudi thelathini. Si ndivyo taa ilivyoandikwa?"

Kumbe kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Iliumiza kumwambia, lakini alimwambia, mama mtu akisikia.

"Kiliposhuka kilikuwa kinasema kweli, mwalimu. Taa ndiyo iliyokuwa inachakaa, na macho yetu hayaoni."

Mirija mipya ya mwanga ikafungwa kwenye taa. Kipimo mama kikasoma thelathini na tatu. Kesho yake umanjano ulikuwa umeshuka, daktari akaachana na habari za damu, na mama akalia kwa sauti, furaha tupu.

Mzee alibaki amesimama mlangoni. "Na watoto waliolala hapa kabla yake?" aliuliza.

Mjane alivuta kiti, akamkalisha, akafungua daftari la wodi.

"Tuwatafute, mwalimu. Mmoja mmoja."