Dirisha la Chumba Namba Saba

Jytte Kragelund alishapiga magoti mbele ya kila kitanda cha wodi ya mapafu, wala si kwa kusali. Alikuwa akisugua sakafu. Alianza kazi mwaka wa sabini na tisa, binti wa miaka kumi na tisa aliyetoka kwenye shamba la nguruwe nje kidogo ya mji wa Odense, na hospitali ikamkabidhi ndoo, brashi na mkebe wa sabuni ya kahawia. Harufu ya sabuni ile! Mpaka leo akiisikia mahali, moyo unamruka. Dawa za siku hizi hazinukii kitu, na anayetaka kubisha na abishe, hakuwepo.

Enzi hizo chumba kimoja kilikuwa na vitanda sita, na mwisho wa korido palikuwa na chumba cha kuvutia sigara. Naam, kwenye wodi ya mapafu, msicheke. Saa tatu na nusu asubuhi kila mtu aliacha alichoshika akaenda kunywa kahawa na mikate ya siagi, na daktari bingwa alikaa bega kwa bega na mfagizi wakibishana juu ya mpira. Aliyetisha ni mmoja tu, msimamizi wa wauguzi, Bi Thorup, aliyekuwa akipitisha kidole juu ya fremu za milango kutafuta vumbi. Lakini ndiye aliyemfundisha Jytte kazi. Mgonjwa wa kwanza alipofariki kwenye zamu yake, Jytte alikimbilia ndoo. Bi Thorup akamdaka mkono.

"Dirisha kwanza, mwanangu. Ndoo itangoja. Unataka roho ya mtu itokee wapi, kwenye bomba la sinki?"

Wodi nzima iliishi hivyo. Mtu akikata roho dirisha hufunguliwa, hata kama nje theluji inamwagika, na hata wale waliojigamba kwamba hawaamini Mungu hawakuthubutu kulifunga mapema. Jytte alifungua madirisha hayo miaka nenda miaka rudi. Alikuwa akisimama kando, mikono kwenye aproni, mpaka aone chumba kimepoa, ndipo akachovya tambara.

Kisha akaja Villy.

Hilo si jina la kiwandani, wauguzi ndio waliombatiza. Villy alikuwa roboti, kimo cha mtu mzima, magurudumu chini na mirija ya taa juu. Akiachwa peke yake chumbani huzunguka kitanda polepole akimwaga miale ya urujuanimno, mwanga unaoua vijidudu pale ambapo tambara halifiki. Mwanga huo huunguza pia macho na ngozi, kwa hiyo lazima watu watoke na mlango ufungwe. Kitu chochote kikijongea mle ndani, anajizima mwenyewe.

"Miaka yote hii nasugua, leo naambiwa nilikuwa nabakiza wadudu," Jytte alimlalamikia Troels, fundi aliyekuja kuwafunza.

"Wewe unaondoa uchafu unaoonekana. Yeye anaua usioonekana."

"Basi akimaliza kuua mwambie atandike na mashuka."

Ukweli lazima usemwe: maambukizi yaliyokuwa yakiruka kutoka kitanda hadi kitanda yalipungua, na Jytte hakuwa mtu wa kubishana na mgonjwa anayerudi nyumbani mzima. Kilichomuuma ni kingine. Zamani ukifuta meza ya mgonjwa taratibu, unajua mjukuu wake anaitwa nani na mbwa wake anaumwa nini. Sasa ilikuwa futa upesi, ingiza Villy, funga mlango, chumba kinachofuata. Aliyakosa maneno ya watu, na aliyakosa vibaya.

Aliyembakizia maneno hayo ni Aksel Dueholm, mpanga herufi mstaafu wa gazeti, ambaye kila msimu wa baridi mapafu yake yalimrudisha chumba namba saba.

"Jytte, mchumba wako yuko wapi leo?"

"Anachaji."

"Wanaume ndivyo tulivyo. Dakika kumi kazini, siku nzima ukutani."

Majira ya baridi ya mwisho mizaha ilipungua, pumzi haikutosha. Asubuhi moja alimshika Jytte kiwiko.

"Nikifa, usiwaache wanifungie humu na lile taa lako. Mie ni mzito wa kutembea. Nipe nafasi nitoke."

"Nafasi kiasi gani, mzee?"

"Ya kikombe cha kahawa kupoa."

"Nakuahidi," alisema Jytte, na alimaanisha.

Aksel alifariki siku ya Jumanne mwezi wa pili, saa mbili asubuhi. Walipomtoa, Jytte alikuwa ameshafungua dirisha. Lakini siku hiyo wodi ilikuwa imefurika, na kwenye korido alilazwa Solvej, mama wa watoto wawili aliyepandikizwa pafu wiki tatu nyuma. Dawa zilizolinda pafu lile zilikuwa zimemwacha mwili hauna kinga hata ya mafua. Kila aliyekohoa kwenye korido alikuwa hatari kwake.

"Chumba saba, Jytte, dakika ishirini," alisema Merete, muuguzi wa zamu. "Simwachi yule pale kwa saa nzima."

Jytte alifuta kila kitu kwa mikono miwili. Akafikia dirisha, akaliangalia, akaliacha wazi. Akajisemea moyoni, Villy afanye yake na Aksel afanye yake, nani atajua? Akamwingiza Villy, akafunga mlango, akabonyeza.

Ndani ikasikika sauti ya kike, tulivu, ya mashine.

"Kuna mtu chumbani. Kazi imesimama."

Jytte akabonyeza tena.

"Kuna mtu chumbani. Kazi imesimama."

Merete akaja mbio mbio, akachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango, akaona pazia linapepea.

"Nani kaacha dirisha wazi?"

"Hata wewe ungeacha."

"Ningeacha," alisema Merete, na machozi yakamlengalenga. "Nilimpenda yule mzee, Jytte. Lakini yule mama je?"

Mtu nyuma yao alikohoa. Solvej akavuta shuka mpaka puani. Hapo Jytte hakuwa na pa kukwepea. Aliingia chumbani, akasimama kando ya kitanda kitupu. Upepo wa mwezi wa pili ulikuwa mkali, ulimwingia mpaka mifupani.

"Aksel," alisema kwa sauti, Villy akiwa shahidi, "nilikuahidi, na sasa nakuvunjia ahadi. Pale nje kuna mama ana pafu jipya na watoto wawili wanamsubiri. Nisamehe, ndugu yangu. Kama bado unatafuta viatu, toka bila viatu."

Alingoja, akavuta pumzi mara tatu, na zaidi ya hapo hakuweza kumwongezea muda. Akafunga dirisha. Pazia likatulia. Akatoka, akafunga mlango, akabonyeza.

"Hakuna mtu chumbani," ilisema ile sauti. "Kazi inaanza."

Jytte alikuwa amewafungulia watu madirisha tangu enzi za Bi Thorup, asijue hata mara moja kama waliondoka kweli.

"Anasemaje?" aliuliza Solvej kutoka kitandani.

"Anasema ameshatoka, mama. Utaingia sasa hivi."

Kisha akakaa pembeni mwa kitanda cha yule mama, pale pale kwenye korido, akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu.