Mstari Usiokuwa na Mtu wa Mbele

Nimewahi kusimama kwenye mstari ambao haukuwa na mtu wa mbele.

Sitanii. Utani nimepunguza, na mtaona sababu.

Ilianza na pasi. Bweni letu lilikuwa na pasi moja tu, na Jumapili foleni yake ilishinda ya bafuni. Siku hiyo pasi haikuonekana. Kiranja wetu, jamaa ambaye suruali yake hunyooshwa hadi unaweza kukatia mkate, akapiga yowe utadhani amefiwa.

Kabla hajamaliza, macho yetu yote yalishafika kitanda cha kona.

Kwa Kengele.

Kengele alihamia kwetu muhula uliopita. Mrefu, mpole, anakunja shuka lake kama analirudisha dukani. Na kila mtu alijua kwamba shule aliyotoka alifukuzwa kwa wizi. Aliiba kengele ya shule, ndipo jina likazaliwa. Ukimwita hivyo anaitika bila kuuliza.

"Si unaona?" tulikuwa tunasema. "Hata hakatai."

Mimi niliijua habari hiyo hadi rangi zake. Aliibeba mgongoni, ndani ya gunia la bluu, akanaswa getini kwa sababu ililia.

Mlezi wa bweni akatukusanya chumba cha kusomea. Ni mwalimu wa hesabu, hana maneno mengi, na hukohoa kabla ya kuadhibu.

"Nani amemwona huyu na pasi?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi mbona mnamtazama yeye?"

Hapo nikasimama mimi, Msemaji Mkuu wa bweni, cheo nilichojipa mwenyewe. Nikafunga kifungo cha shati.

"Mwalimu, kwa masikitiko makubwa, naomba nitamke. Mwenzetu huyu alifukuzwa alikotoka kwa wizi."

Kengele aliinua kichwa, akanitazama bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Kama ni kweli, leo anafunga sanduku," mlezi akasema, akitoa simu. "Namba ya mama yako?"

"Mwalimu, nakuomba, usimpigie mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ndiyo kwanza katoka hospitali. Nilihamia huku niwe karibu naye."

Mlezi akanigeukia. "Wewe. Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona, mwalimu."

Na sikuwa nadanganya! Uongo naufahamu ladha yake mdomoni, tumekua pamoja. Hii haikuwa na ladha hiyo kabisa.

"Nani alikuambia?"

"Kiranja, mwalimu. Tuliporudi likizo."

Kweli aliniambia. Na aliponiambia nilihisi kama naijua tangu zamani, nikaona basi lazima ni kweli. Kitu unachohisi unakijua, nani ana muda wa kukiuliza kimetoka wapi?

Mlezi akakohoa.

"Kila aliyesikia habari hii, akasimame nyuma ya aliyemwambia."

Viti vikakwaruza sakafu. Nikajipanga nyuma ya kiranja, kifua mbele, shahidi muhimu. Kiranja akaenda nyuma ya Daktari, jamaa mwenye dawa ya kila ugonjwa isipokuwa wake. Daktari akaenda nyuma ya jirani yangu wa kitanda cha juu.

Jirani yangu akazunguka chumba taratibu, akiwavuta wote nyuma yake. Akaja kusimama nyuma yangu.

"Umepotea njia," nikamnong'oneza.

"Sijapotea, kaka."

"Mimi nimeambiwa na kiranja!"

"Na mimi nimeambiwa na wewe. Pale kwenye kamba za nguo, siku aliyohamia. Umesahau? Nilicheka hadi soksi zangu zikaanguka matopeni."

Mlezi akatutazama tukiwa tumefanya duara, kila mmoja akiangalia kisogo cha mwenzake.

"Hesabu mpya hii," akasema. "Mstari hauna mtu wa mbele."

Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa kichwani mwangu, napekua kila pembe.

Kamba za nguo. Jua kali. Mgeni anapita na sanduku lake. Mtu anauliza, "Huyu naye katokea wapi?" Wote wananigeukia, kwa sababu mimi ndiye wa kuchekesha. Na mbele ya macho yangu, kwenye kamba, unaning'inia mfuko wa nguo chafu.

Wa bluu. Wangu.

Nilitunga pale pale, wakacheka, nikaendelea kufua. Mtu anayetunga uongo kila siku haweki kumbukumbu ya kila mmoja. Huo ukaenda zake, ukapita mdomo hadi mdomo, ukarudi kwangu umenawa uso na kuvaa tai. Nikaupokea kama mgeni rasmi.

Mlango ukagongwa. Fundi umeme wa shule, pasi mkononi.

"Kiranja, imepona. Si ulisema utaifuata jana?"

Kiranja akafumba macho. Alikuwa ameipeleka mwenyewe, akasahau. Siku nyingine tungemcheka hadi mwaka uishe. Siku hiyo hakuna aliyemtazama. Walikuwa wananitazama mimi.

Mlezi akairudisha simu mfukoni. Hata hakukohoa.

Nilimkuta Kengele jioni kwenye kamba zile zile, anaanua mashati.

"Ndugu yangu, nisamehe. Hujawahi kuiba kengele. Niliitunga mimi."

Akakunja shati moja, polepole, mikono ndani.

"Una hakika?"

"Hakika ya nini?"

"Maana mimi huwa naota nimeibeba. Nikiamka nashika mabega, nione kama yanauma." Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Mmenitazama hivyo muda mrefu, nikaanza kujiuliza. Labda niliwahi."

 

Nikamshikia kikapu cha vibanio, basi.

Mpaka leo akipita namwona na gunia la bluu mgongoni. Najua ni uongo, nimeuzaa mwenyewe, na bado namwona.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, siku ukitaka kusema "kila mtu anajua", mtafute kwanza mtu wa mbele. Ukimkosa, kaa kimya kidogo, ukumbuke vizuri ulikuwa wapi na nani alikuwa anacheka.

Yule kijana sasa tunamwita kwa jina lake halisi. Sitaliandika hapa. Nimeshamsema vya kutosha.