Karata za Pangani

Theodora, mkulima wa alizeti kutoka Issuna, alikwenda Pangani na mumewe Alute na binti yao Eliana kuiona bahari. Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa, wakabaki chumbani wakicheza karata. Eliana alipomfunga baba yake mara ya tatu, akacheka. Alute akamzaba kofi, damu ikamtoka puani. Alipoinua mkono tena, Theodora alimtandika stuli ya mbao begani hadi akaanguka.

"Mimi umenipiga miaka kumi nikanyamaza," alisema akihema. "Huyu humgusi!"

Alute akamkamata mguu. Theodora akampiga tena, akaachiwa. Akamshika mtoto mkono, wakaenda polisi na mvua ile. Hakujuta. Kesho yake walipanda basi la kurudi nyumbani, wawili tu.