Sufuria ya Fardowsa

Fardowsa ana duka la vitambaa katikati ya mji wa Migori, na ukienda kununua leso atakueleza yote yanayoweza kuiharibu kabla hajakutajia bei. Ndivyo alivyo. Mvua ikichelewa, yeye ameshaona njaa. Mumewe, Mohamednur, akichelewa kurudi na mzigo kutoka Isebania, kule mpakani, yeye ameshamzika na kuanza kukaa eda. Mume hurudi mzima, na tumbo linamnguruma, akamkuta mkewe amevimba macho. "Haya, leo nilikufa na nini?" humuuliza.

Watu humcheka kwa tabia hiyo, na mwenyewe hucheka nao. Lakini kuna hofu moja ambayo haikuwa ya kuchekwa, maana nusura impotezee Rispa.

Rispa alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye baraza ya duka hilo wakati Fardowsa alipofika kutoka Garissa, mgeni, mja mzito, hana anayemjua. Uchungu wa kuzaa ulimshika wakati Mohamednur yuko safarini. Rispa aliziacha omena zake juani, akamshika mkono mpaka hospitalini, na mtoto alipozaliwa yeye ndiye aliyempakata kabla ya ndugu yeyote. Aliporudi barazani, paka na kuku walikuwa wameimaliza biashara yake. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Mtoto mwenyewe ndiye Sumeya, ambaye sasa amemzidi mama yake urefu.

Baadaye Rispa alirudi kwenye boma la mumewe, karibu na Kendu Bay, kumtunza mama mkwe wake, bibi aliyekula chumvi nyingi ambaye kila mtu humwita Dani. Tangu hapo, kila Disemba ikikaribia simu ilikuwa ikilia. "Mama Sumeya, mtakuja? Dani anamuulizia Sumeya, mtoto wake."

Fardowsa alikuwa akitamani kwenda mpaka moyo ukamuuma. Tatizo lilikuwa chakula. Alijua kwamba kwa Wajaluo, watu wa Rispa, mgeni haondoki bila kula, na kwamba mgeni wa maana huchinjiwa kuku. Nani angemchinja huyo kuku? Kwa jina la nani? Basi akawa anayaona yote kana kwamba yameshatokea: ameketi, watu kimya, bakuli mbele yake, naye anasema hawezi kula. Dani anainuka, anaondoka na fimbo yake. Rispa anaangalia chini kwa aibu. Hata samaki, ambaye hangojei kisu cha mtu, alimtafutia kasoro: je, hayo mafuta jana yalikaanga nini?

Badala ya kuuliza, alitunga visingizio. Mara Sumeya ana homa, mara mzigo umekwama mpakani, mara barabara imejaa tope, na huku jua lilikuwa linapasua ardhi. Rispa alikuwa akisema tu, "Basi sawa, Mungu akipenda."

Mwaka jana, Disemba, simu haikulia. Fardowsa akapiga mwenyewe.

"Rispa, mbona kimya?"

"Nimechoka kusumbua watu," Rispa akajibu, na sauti yake haikuwa ile. "Kama unaona boma yetu ni chafu, si ungeniambia tu? Mimi singekasirika. Dani amezeeka, anauliza kila siku, na mimi nimeishiwa na uongo wa kumwambia."

Simu ikakatika. Fardowsa alikaa juu ya robota la vitambaa akalia. Alikuwa ameogopa miaka yote kumvunjia Rispa heshima kwa kukataa bakuli, kumbe alikuwa amemvunjia moyo kwa kutofika. Mohamednur alipoingia, Fardowsa akamwambia, "Kesho tunaenda Kendu Bay. Nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimefika."

Walipoingia bomani, Rispa alisimama mlangoni na ufagio mkononi kama mtu asiyeamini. Kisha akautupa, akamkumbatia Sumeya, akamgeukia mama yake, nao wakakumbatiana. Dani akaongozwa nje, akampapasa msichana uso na mabega. "Erokamano, Nyasaye," akarudia, akimshukuru Mungu.

Kuku alikamatwa. Fardowsa akasikia kelele zake nyuma ya nyumba. Akajiambia atasema ukweli, lolote liwalo, akaingia jikoni.

Huko nyuma, kupitia mlango wa pili, alimwona mzee mwenye kofia nyeupe akipangusa kisu.

"Asalaam aleikum, mama," mzee akasema. "Mimi ni Abdullah Onyango, wa hapa hapa Kendu Bay. Huyu jirani huniambia kila Disemba nisiende mbali, mgeni wake atakuja. Nimenoa kisu mpaka kimekuwa chembamba."

Rispa, asiyejua kwamba kulikuwa na la kustaajabisha, alikuwa akitungua kutoka ukutani sufuria iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Ilikuwa mpya. Karatasi ya dukani ilikuwa ingali imegandishwa chini yake, imefifia kwa uzee.

"Hii ni yako," akasema. "Haijawahi kupikiwa kitu. Nilinunua mwaka ule nilihama Migori."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwani mtu humtangazia mgeni kwamba amemnunulia sufuria? Dani ndiye alikuwa na wasiwasi. Alikuwa anauliza kila mwaka, na maziwa ya ngamia tutatoa wapi."

Fardowsa akacheka na machozi yakamtoka pamoja, akashindwa kujua aanze na lipi. Alikula siku hiyo kuliko Mohamednur. Kila tonge alilomeza alimshukuru Mungu, na Rispa, na yule mzee, na hata kuku. Miaka yote ile alikuwa akijitungia bakuli la kukataa, na huku ukutani sufuria yake ilikuwa inamngoja.

Jioni, wakati wa kuaga, Rispa alichukua jivu na majani akaanza kusugua masizi chini ya sufuria, airudishe ukutani iking'aa.

Fardowsa akamshika mkono. "Acha hayo masizi, dada yangu," akasema. "Nikirudi nataka kuyakuta."